Damu Inakwenda Wapi?

Mbagala, ukimwambia mtu damu yako ni sita, hakuulizi sita ya nini. Anajua kwamba kumi na mbili ni raha, nane inavumilika, na ikifika tano ndugu huanza kupigiana simu kutafuta wa kwenda kuchangia. Karatasi ya maabara huandika gramu kwa desilita. Barazani tunabaki na namba tupu, na kila namba ina tiba yake inayojulikana na kila jirani: juisi ya rozela, bitiruti, mchicha, tembele, maini. Si tiba za kubezwa. Aliyepungukiwa madini ya chuma anayahitaji, na maini na mboga za majani zinayo. Lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja namba ya shangazi yangu ilipanda na kushuka, ikapanda tena na kushuka tena, na kila aliyemhudumia, nyumbani na hospitalini, alishughulika na kuipandisha. Swali la kwa nini inashuka lilichelewa sana kuulizwa, na aliyekuja kuliuliza ni daktari kijana ambaye hakuwa amemwona Shangazi kabla ya siku ile.

Nayaandika haya kwa sababu ugonjwa aliokuwa nao ni aina ya saratani ya mfuko wa chakula ambayo watu wengi hawajapata kuisikia, na kwa sababu haukujitokeza hata siku moja kwa sura ya ugonjwa wa mfuko wa chakula. Hakutapika. Hakukataa kula. Chakula kilishuka vizuri, na ubwabwa wa Ijumaa aliumaliza kama kawaida yake. Nafundisha baiolojia shule ya sekondari huku huku Temeke, na mada ya mmeng'enyo wa chakula naijua kwa moyo. Hakuna kitabu cha kidato nilichowahi kukifundisha kinachosema kwamba ugonjwa wa mfuko wa chakula unaweza kuanza kwa mtu kupenda barafu.

Ndivyo ulivyoanza. Shangazi, dada mkubwa wa baba, amekaa Mbagala tangu kabla ya mabomu ya Aprili 2009, na kazi yake ni samaki. Alfajiri alikuwa Feri kwenye mnada, mchana akiparua, jioni akikaanga kando ya barabara pale Kizuiani. Ni kazi ya miguu na mikono. Basi wateja wake ndio waliokuwa wa kwanza kumwona akivuta ndoo na kuikalia katikati ya kukaanga, pumzi ikimpaa. Halafu yakaja mabarafu, yale ya kwenye mfuko wa plastiki. Akawa hapitishi siku bila kuyatafuna, mpaka watoto wa jirani wakawa wanamletea bila kutumwa. Akaongeza udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni kwa wajawazito. Majirani walimtania: Bibi, umri huu na mimba? Yeye mwenyewe alicheka.

Hamu ya kutafuna barafu au udongo ni dalili ya zamani ya upungufu wa madini ya chuma. Matabibu wameiandika kwa karne nyingi. Kwa mjamzito sababu iko wazi, kwani mtoto anachukua chuma chake tumboni. Kwa mwanamke wa miaka 58 ambaye hedhi ilikwisha kukoma, chuma kinachukuliwa na nani?

Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya minyoo, na sioni ubaya wake. Safura hunyonya damu kweli, na ukanda wetu wa pwani unaijua. Malaria ilipimwa, haikuonekana. Akapewa vidonge vya kuongeza damu akarudi kwenye karai lake. Wiki kadhaa baadaye alianguka akisubiri daladala, na hospitali aliyokimbizwa ilikuta damu yake ni tano. Tukachangia, mimi na wanawe na vijana wawili wa kijiweni waliokuwa wakila samaki wake kwa mkopo. Akaongezewa, akapata rangi, akaruhusiwa.

Kabla ya kuruhusiwa alipewa jina la ugonjwa. Vidonda vya tumbo. Jina hili Dar es Salaam ni kubwa. Nyumba isiyo na mwenye vidonda vya tumbo sijui kama ipo. Aliulizwa kama hupata kiungulia akasema ndiyo, kwa sababu kila mtu hupata. Kipimo cha bakteria anayeitwa Helicobacter pylori kikatoka chanya. Bakteria huyu wanaye watu wazima wengi sana wa Afrika, na wengi wao hawaumwi lolote. Kumkuta ni haki kumtibu, na dawa za kumtibu Shangazi alizimaliza zote. Lakini kumkuta hakuthibitishi kwamba ndiye anayekunywa damu. Pale, mimi naona, ndipo mlango ulipofungwa. Mtu akishapewa jina la ugonjwa anaoujua, familia inapumua, faili linaandikwa, na kila dalili inayokuja baadaye inapangiwa nafasi chini ya jina lile lile.

Chukua choo chake. Kilikuwa cheusi. Alipoulizwa na muuguzi kama anapata choo cheusi alisema ndiyo, na muuguzi akamjibu kwa wema kabisa kwamba hizo ni zile dawa za kuongeza damu. Na ni kweli: vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi. Kwa hiyo dawa aliyopewa kwa sababu ya kupoteza damu ndiyo iliyoificha njia ambayo damu ilikuwa ikipotelea. Tofauti ipo, na inafaa kila anayeuguza mgonjwa aijue. Choo cha dawa ya chuma ni cheusi chenye ukijani, kigumu kidogo, hakina harufu ya ajabu. Choo chenye damu iliyotoka juu, kwenye mfuko wa chakula, huwa cheusi kinachonata, laini, na harufu yake ni kali, ukiijua huisahau. Mtu akiacha vidonge vya chuma kwa siku chache na choo kikabaki vile vile, jibu limepatikana bila mashine yoyote.

Damu iliposhuka tena, hospitali nyingine ikampeleka kwenye kipimo cha kumeza mpira wenye kamera. Alikiogopa sana, akakivumilia. Majibu: michubuko kidogo, hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Tulifurahi. Nakumbuka mdogo wake alipiga simu mpaka Mafia kutoa habari njema.

Ili kueleza kwa nini kamera haikuona kitu, itabidi nichore kama nichoravyo ubaoni. Ukuta wa mfuko wa chakula una tabaka. La ndani kabisa ni utando laini unaotoa tindikali na ute. Saratani ya kawaida ya mfuko wa chakula huanzia hapo, na kamera hupita juu yake na kuiona. Nyuma ya utando kuna misuli, na ndani ya misuli kuna seli chache zinazoupa mfuko mpigo wake wa kukaza na kulegea. Zinaitwa seli za Cajal, kwa heshima ya Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliyezieleza mwishoni mwa karne ya 19. Ugonjwa wa Shangazi, ambao madaktari huuita kwa kifupi GIST, ni saratani inayoota kutoka kwenye ukoo wa seli hizo. Ni kama nyumba ambayo plasta yake imelala vizuri huku tofali la nyuma limepasuka: fundi akitazama ukuta kwa ndani ataondoka akisema hauna neno. Uvimbe unaweza kukua kuelekea nje, ukaning'inia kwenye tumbo kwa kishina chembamba, ukapata nafasi ya kuwa mkubwa kwa sababu haubani chochote. Utando wa ndani ukichanika mahali padogo, damu huvuja kidogo kidogo, ikakoma, ikavuja tena. Siku ya kipimo huenda ikawa ni siku ya kukoma.

Zaidi ya nusu ya uvimbe wa namna hii huota kwenye mfuko wa chakula, na sehemu kubwa ya unaobaki kwenye utumbo mwembamba. Dalili yake inayoongoza ni damu: ama inatoka kwa kishindo, ama inapungua kimya kimya mpaka mtu anakuwa mgonjwa wa damu bila kujua kwamba ni mgonjwa wa tumbo.

Kisha tumbo la chini la Shangazi likaanza kujaa. Akaenda kupigwa utrasaundi, na karatasi ikasema uvimbe mkubwa kwenye nyonga, huenda ni fibroidi ya kizazi. Hapo hata mimi naelewa. Fibroidi ni nyingi mno kwa wanawake wetu. Katika kila ukoo yupo aliyefanyiwa upasuaji wake. Kitu kikubwa kigumu kikikutwa chini ya kitovu cha mwanamke wa Kiafrika, ukitaja fibroidi mara nyingi utakuwa umepatia. Tena ilikuja na maelezo ya damu yote iliyopotea. Kila mtu aliridhika. Akapangiwa kutolewa kizazi mara damu itakapopanda.

Daktari kijana alikutana naye wakati wa maandalizi hayo. Alikuwa akijaza fomu, swali baada ya swali, nami nimesimama pembeni nimebeba faili.

"Mama, hedhi ilikoma lini?"

"Miaka saba sasa, mwanangu."

"Tangu ikome, umewahi kuona damu tena huko chini? Hata kidogo?"

"Hata tone."

Akaweka kalamu. "Na huu uvimbe umeanza kuuona lini?"

"Mwaka huu."

Alimgeukia Shangazi na kumweleza yeye, si mimi niliyeshika faili, na kwa hilo namheshimu. Akasema fibroidi hukua kwa homoni za uzazi. Hedhi ikikoma, kwa kawaida nazo husinyaa. Huu umekua wakati ambao ulitakiwa kusinyaa. Na fibroidi hupunguza damu kwa kuitoa chini, nawe hutokwi na kitu. "Sasa mama," akasema, "damu inakwenda wapi?"

Nimefundisha miaka mingi na nimesikia maswali mengi mazuri darasani. Hili sijalisikia mfano wake. Halikuhitaji mashine, wala halikuwa swali la kitaalamu sana. Lingeweza kuulizwa zahanati ya kwanza, siku ya kwanza, na mtu yeyote mwenye dakika mbili. Mtu mzima akipungukiwa chuma katika damu, na hazai tena wala hapati hedhi, au ni mwanamume, basi namba ile ya maabara ni swali na haijawa jibu. Kumwongezea damu kunamwokoa leo. Lakini chupa ya damu haielezi kitu, nayo husababisha jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu: mgonjwa akipata nafuu, waliomzunguka wanaacha kuuliza.

Upasuaji wa kizazi ulisimamishwa. Kipimo cha CT kikaonyesha kizazi kidogo, kizee, kisicho na neno lolote. Uvimbe wenyewe, upana wa sentimita 16, ulikuwa umelala kwenye nyonga, lakini kishina chake kilipanda juu, kupita mbele ya utumbo, mpaka kwenye mfuko wa chakula.

Ningependa msomaji atulie hapa kidogo, maana hapa ndipo ninapopata baridi kila nikikumbuka. Uvimbe wa GIST ni laini na una mishipa mingi ya damu. Ukipasuka, wenyewe au mikononi mwa mpasuaji, seli zake humwagika tumboni na uwezekano wa kurudi huwa mkubwa mno. Unatakiwa utolewe mzima, kwa uangalifu, pamoja na kipande cha ukuta ulipoota. Mpasuaji aliyejiandaa kutoa kizazi angefungua chini, akakutana na kitu asichokitarajia, kwa mgonjwa mwenye damu ya kukopa. Wale waliompasua Shangazi walijua wanakwenda wapi. Walikata kipande cha mfuko wa chakula, wakautoa uvimbe bila kuupasua. Tezi za karibu hawakuhitaji kuzifagia kama ilivyo kwa saratani ya kawaida ya mfuko wa chakula, kwa sababu GIST mara chache hupitia kwenye tezi. Ukisafiri, huenda kwenye ini au kwenye utando wa ndani ya tumbo. Ini lake lilikuwa safi.

Kinyama kikapelekwa patholojia, na hata huko ugonjwa huu una tabia ya kujificha. Kwenye hadubini seli zake huwa ndefu nyembamba, zimepangana zikifanana sana na seli za uvimbe wa misuli. Kwa miongo mingi duniani kote uvimbe huu uliandikwa kwa majina ya uvimbe wa misuli laini, yaani ndugu wa fibroidi ile ile. Mwaka 1983 Mazur na Clark, watafiti wa Marekani, ndio walioupa jina la kuutenga. Mwaka 1998 Hirota na wenzake wa Osaka, Japani, wakagundua kwamba uvimbe huu mara nyingi huwa na kasoro kwenye jeni moja, KIT. Kazi ya protini ya KIT ni kupokea ishara ya kuiambia seli ikue; ikiharibika, inaamuru ukuaji hata pasipo ishara. Tangu hapo mpatholojia huipaka seli rangi maalumu inayoitafuta KIT. Bila rangi hiyo, jicho peke yake linaweza kudanganyika. Mkono ulioshika tumbo ulidanganyika, kamera ikapita bila kuona, utrasaundi ikaona na kuita jina jingine, na hadubini nayo ingeweza kufuata mkumbo. Majibu yalichukua wiki nyingi, na wiki hizo zilikuwa ndefu kuliko mwaka uliotangulia.

Nilisoma sana wakati ule, usiku, kwenye simu. Nilijifunza kwamba ugonjwa huu una milango mingine ya kuingilia ambayo mtu hawezi kuikisia. Wapo wanaoanguka kwa kuishiwa sukari bila kuwa na kisukari, kwa sababu uvimbe mkubwa unaweza kutoa kemikali inayofanya kazi ya insulini. Wapo wanaofika na tumbo limekaza ghafla, uvimbe umepasuka na damu imejaa ndani, wakadhaniwa wana kidole tumbo. Wapo waliokutwa nao kwa bahati wakipimwa jambo jingine kabisa. Na mara chache sana huwapata wasichana wadogo. Mwaka 1977 daktari J. Aidan Carney wa Marekani aliwaelezea wanawake vijana waliokuwa na uvimbe wa mfuko wa chakula pamoja na wa mapafu na wa sehemu nyingine ya mwili, mambo matatu ambayo hakuna aliyewahi kuyaunganisha.

Na si GIST peke yake. Saratani ile ya kawaida ya mfuko wa chakula nayo hubisha hodi kwenye milango ya mbali. Inaweza kujitokeza kama kinundu kwenye kitovu, dalili iliyopewa jina la Sista Mary Joseph, muuguzi wa Rochester, Minnesota, aliyekuwa akiwaandaa wagonjwa wa mpasuaji William Mayo na ndiye aliyegundua kwamba wenye kinundu kile huwa wameenewa na saratani tumboni. Mtu aliyekuwa akiwaosha wagonjwa ndiye aliyeona. Inaweza kuwa tezi ngumu juu ya mtulinga wa kushoto. Inaweza kuwa damu kuganda mguuni bila sababu: Armand Trousseau wa Paris ndiye aliyefundisha mwaka 1865 kwamba mgando wa namna hiyo uamshe shaka ya saratani iliyojificha, na baadaye akauona mwilini mwake mwenyewe. Alikufa mwaka 1867 kwa saratani ya mfuko wa chakula.

Karatasi ya patholojia ilipotoka na neno KIT chanya, Shangazi akapewa rufaa ya Ocean Road. Alinyamaza njia nzima. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko kwenye jengo lile la hospitali ya Wajerumani la miaka ya 1890, linalotazama bahari, si mbali na Feri. Kwa miaka yote ya samaki alikuwa akilipita jirani alfajiri na ndoo zake. Kwetu uswahilini ukisikia fulani kapelekwa Ocean Road, watu hushusha sauti. Nilimwambia ukweli niliokuwa nao: kwamba kabla ya mwaka 2000 mgonjwa wa GIST ambaye mpasuaji hakuweza kuumaliza uvimbe wake hakuwa na dawa ya maana, kwani dawa za kawaida za saratani hazikuutikisa, na kwamba mwaka huo, Helsinki nchini Ufini, mwanamke mmoja ambaye ugonjwa ulikwisha kumwenea alipewa kidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya saratani ya damu, na uvimbe ukasinyaa. Kidonge hicho ni imatinib, kilichouzwa kwa jina la Glivec. Kinaizima KIT.

Kilipoingia sokoni Marekani mwaka 2001 kilikuwa kikigharimu zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Samaki wa Kizuiani hawafiki huko. Lakini Ocean Road ilikuwa miongoni mwa hospitali za dunia zilizoingia katika mpango wa kampuni ya Novartis pamoja na Max Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa kumbukumbu ya kijana wa Argentina aliyefariki kwa saratani ya damu, na wagonjwa waliothibitishwa walipata dawa bila malipo. Neno muhimu ni waliothibitishwa. Bila ile rangi ya KIT kwenye kinyama, hakuna dawa. Mtu aliyetolewa uvimbe akaambiwa ilikuwa fibroidi, na kinyama kikatupwa au majibu yasifuatiliwe, hawezi kuufikia mlango huu hata akiishi mtaa wa pili. Ndiyo maana nikisikia mtu amefanyiwa upasuaji wa uvimbe, namuuliza majibu ya kinyama yako wapi. Wengi hawajui kama yapo.

Kidonge kimoja kila siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Kwa wenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, kama yeye mwenye uvimbe unaozidi sentimita 10, muda unaoshauriwa ni miaka 3. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliomeza miaka 3 waliishi vizuri kuliko waliomeza mmoja, asilimia 92 wakiwa hai baada ya miaka 5 dhidi ya asilimia 82 hivi.

Miezi michache baadaye Shangazi akaanza kuwa mweupe. Uso kwanza, kisha mikono. Kope zikavimba kila asubuhi. Mbagala mwanamke mtu mzima akibadilika rangi hakuna anayeuliza mara mbili: ni mkorogo. Majirani wakasema kikundi chake cha akina mama kilimchangia matibabu, naye anakwenda kununua krimu. Maneno hayo yalimfikia, na yalimchoma kuliko kisu cha mpasuaji. Kwa mara ya kwanza tangu augue alitamka kwamba anataka kuacha vidonge.

Sababu ni ile ile KIT. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi yetu nazo huitegemea, na dawa inapoizima kwenye saratani haibagui iliyo kwenye ngozi. Kwa mtu mweupe ni vigumu kuona. Kwa ngozi ya Shangazi ilionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kope kuvimba ni athari ya kawaida ya dawa hiyo hiyo. Haya hayakuwa siri, yanajulikana, ila hakuna aliyekuwa ameyasema Mbagala. Niliomba nafasi kwenye kikao cha kikundi chao, Jumapili, nikasimama mbele ya akina mama niliozoea kuwapa shikamoo na kukaa kimya, nikaeleza kama nielezavyo darasani: seli, ishara, rangi, kidonge. Shangazi alikaa mbele, kajitanda khanga, hakuinua uso. Nilipomaliza, mama mmoja mtu mzima akauliza dawa hiyo inauma? Mwingine akauliza ugonjwa huo unaanzaje. Hapo Shangazi akainua uso akajibu mwenyewe: "Unaanza na barafu."

Wanawake watatu walibaki baada ya kikao kuniuliza juu ya damu zao. Wawili kati yao bado wanapata hedhi, tena nzito, na hilo lina njia yake ya kushughulikiwa. Wa tatu alikuwa na umri unaozidi 60, damu saba, ameongezewa mara kadhaa, na anatumia dawa za vidonda vya tumbo. Nilimwandikia kwenye karatasi maneno ya kumwambia daktari: hedhi ilikoma, damu inashuka kila ikipandishwa, naomba tutafute inakotokea.

GIST huhesabiwa kuwa nadra, na takwimu za nchi zinazohesabu husema huwapata watu 10 hadi 15 katika kila milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 5.4. Nikizidisha, ikiwa mwili wa mtu wa Kinondoni na Temeke hauna tofauti na wa mtu wa kwingine, napata wagonjwa kati ya 50 na 80 kila mwaka katika jiji hili pekee. Wilaya yetu peke yake, yenye watu zaidi ya milioni 1.3, ingekuwa na zaidi ya 10. Baadhi yao hivi sasa wanakunywa rozela. Baadhi wana faili lililoandikwa vidonda vya tumbo, au fibroidi, au uzee. Sidai kwamba kila mwenye damu ndogo apelekwe CT. Hospitali zetu zina foleni ndefu, na wengi wana sababu iliyo wazi. Nadai dakika mbili za maswali, na nadai kwamba mtu aliyeongezewa damu mara ya pili bila sababu kujulikana asirudishwe nyumbani na vidonge vya chuma peke yake.

Shangazi alimaliza miaka yake 3 ya dawa. Damu yake ya mwisho ilikuwa kumi na mbili na nusu, CT ya mwisho haikuonyesha kitu, na rangi yake inarudi, mikono ikitangulia uso. Uvimbe wa ukubwa ule unaweza kurudi hata baada ya dawa, tena mara nyingi hurudi miaka ya mwanzo baada ya kuiacha, kwa hiyo kila baada ya miezi sita anarudi kupimwa. Fedha ya kipimo kijacho ipo tayari kwenye kikundi. Mimi nimeshaomba ruhusa ya siku hiyo kwa mwalimu mkuu.